Waliokaa Nyuma ya Shuka

Nawasikia. Masikio yangu bado ni mazima. Kila Jumamosi mkitoka sinema mjini mnakuja kukaa kwenye ngazi za nyumba yangu, mnakula karanga, maganda mnaniachia mimi, na kazi yenu ni kubishana. Huyu anasema yule jamaa wa kwenye picha alimwacha mchumba wake kwa uoga. Yule anasema hapana, alimwacha kwa kumhurumia. Juzi mmefika mahali pa kuitana mbumbumbu. Saa nzima sikumsikia hata mmoja akimwuliza mwenzake ameona nini hasa.

Basi nimechukua penseli. Shule nilisoma kidogo tu, kwa wamisheni kule Nkoaranga, nikazijua herufi na kujumlisha, kisha baba akanitoa nikachunge mbuzi. Kwa hiyo mtanivumilia. Lakini kazi ya dobi nimeifanya tangu Mdachi yuko Boma mpaka magoti yalipokataa, na picha zinazotembea nilizijua kabla baba zenu hawajazaliwa. Tena sikuzijua kwa kukaa kwenye kiti. Nilizijua kwa ndoo ya maji.

Aliyenifundisha kufua ni Bi Mwanaidi, mwanamke wa Pangani. Alikuja Arusha akimfuata mumewe aliyekuwa askari. Mume akafa kwa homa, yeye akabaki na makarai mawili, pasi ya mkaa na ulimi. Kiswahili hiki mnachokisoma ni cha kwake. Mimi nilishuka mlimani nikiwa na Kimeru changu na maneno kumi ya kanisani, na neno la kwanza alilonifundisha ni "suuza". La pili ni "tena".

Msidhani kufua ni kusugua. Kusugua hata mbuzi anajisugua ukutani. Nguo nyeupe unailoweka kwanza usiku kucha ikaachia uchafu wenyewe kwa hiari. Wanga tulikuwa tunatumia maji ya mchele, maana Bi Mwanaidi hakuuamini wanga wa dukani. Buluu ya kung'arishia unaitia kidogo, ukizidisha shati linakuwa kama jicho la mgonjwa. Na pasi ya mkaa kabla hujaigusisha nguo unairushia tone la maji. Tone likitulia na kuchemka polepole, pasi bado. Likiruka na kukimbia, subiri, imezidi. Likilia mara moja likaisha, fanya kazi.

Mimi tone lilikimbia na mimi sikusubiri. Ilikuwa kola ya ofisa mmoja wa Boma, nikaiacha na alama ya kahawia kama jani la mgomba lililokauka. Nikaificha chini ya lundo. Bi Mwanaidi akaikuta. Hakunipiga. Alinivalisha. Nilishinda siku nzima na kola ya Mdachi shingoni, shati sina, nimejifunga kaniki yangu tu, na kila aliyeleta nguo alinisalimia, "Shikamoo Bwana Mkubwa!" Jioni akaivua, akaenda nayo Boma mwenyewe, akasema ameiunguza yeye. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Kola ikiungulia nyumbani kwangu, imeungua kwa mkono wangu. Wewe umeshaadhibiwa. Suuza." Sijaunguza kola nyingine mpaka leo.

Sasa, baba yangu. Baba hakupenda kabisa mimi kukaa mjini. Kwetu Nkoaranga kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha Poli, mwenye wake wawili, ameshaleta pombe ya posa, na watu wameshainywa. Mama ndiye aliyenisimamia, akasema mtoto ajifunze kwanza kazi. Baba akatoa sharti lake moja: ulezi ukishavunwa atashuka kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Akiikuta ni kazi ya heshima, nakaa. Akikuta ni upuuzi, napanda naye mlimani siku hiyo hiyo, kwenda kwa yule wa Poli. Mimi nilikuwa nalala nikiuhesabu ule ulezi unavyokua.

Na ulezi ulipokaribia kukauka ndipo akaja Bwana Kaitano.

Alikuwa Mgoa, mwembamba, kofia kubwa. Alitoka Moshi kwa gari la ng'ombe, amebeba sanduku lenye jicho la kioo, taa ya kabaidi inayonuka vibaya sana, na makopo ya bati. Akasema ndani ya makopo mna watu. Akakodi ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, karibu na mto Themi, akaziba nyufa kwa udongo na magome ya migomba, mlangoni akatundika mablanketi. Mchana kweupe nje, ndani giza tupu. Kisha akaja kwa Bi Mwanaidi akataka shuka kubwa kupita mashuka yote.

Tulishona vipande vinne vya merikani. Merikani mpya ina ukavu wake wa kiwandani, tukaichemsha mara tatu mpaka ikalainika. Panya aliingia akala pembe moja, nikatia kiraka mimi mwenyewe, juu, upande wa mkono wangu wa kulia. Kiraka kizuri, mshono hauonekani mpaka uambiwe.

Taabu ikawa watu wakae wapi. Lembris, kijana wa Kiarusha aliyekuwa mlinzi wa ghala, alitaka kuona. Mama mkwe wake, Yeyo Naisiae, naye alitaka kuona. Na mnajua, au hamjui maana siku hizi hamjui kitu, kwamba Mwarusha na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana. Nasi Wameru tuna adabu zetu za namna hiyo. Mjini kulikuwa na wakwe wengi. Bwana Kaitano akashika kichwa. Bi Mwanaidi akamwambia, "Bwana wee, shuka si ukuta? Tundika katikati ya ghala. Wanaume mbele kwenye taa, wanawake nyuma."

"Watakaokaa nyuma hawataona, mama."

"Wataona. Shuka likiwa kavu ni ukuta, likilowa ni dirisha. Huyu binti atalilowesha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sinema. Nilisimama nyuma na ndoo na kata ya kibuyu, juu ya kigoda, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha shuka halikauki. Unatupa maji juu kabisa, yanateremka yenyewe sawasawa. Ukitupa katikati, mtu kwenye picha anapata tumbo. Ukizidisha yanadondoka na watu wanaona mvua. Ukichelewa, picha inafifia kwa waliokaa nyuma na unasikia, "Wee Mmeru, wamekwenda wapi?"

Picha yenyewe niwasimulie. Hakuna sauti, maandishi tu yanayopita kati ya picha. Baba mmoja ni mgonjwa kitandani, ndevu mpaka kifuani. Wanawe wawili wanaingia. Mdogo anapewa ufunguo mkubwa. Mkubwa anapiga magoti, na baba anamwekea mkono kichwani, muda mrefu. Kisha mkubwa anatoka nje, kitu cheupe kama unga kinaanguka kutoka mbinguni, naye anasimama humo analia mpaka mabega yanatikisika. Imekwisha. Mimi nililia ndani ya ndoo.

Asubuhi yake nilikuwa mtoni Themi na kapu la nguo, na wanawake ambao hawakuwapo wakanizunguka. Nikawasimulia. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita, mtu wa kusikilizwa kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Baba alimlaani yule mkubwa. Alimwekea mkono wa kushoto. Kichwani! Mbele ya mdogo wake!"

"Kushoto?" mmoja akadondosha sabuni.

"Kushoto. Ndiyo maana alitoka akalia."

Yeyo Naisiae alikuwapo, akathibitisha. "Kushoto. Hata punda huwezi kumpiga hivyo."

Mzazi wa kwetu kumwekea mtoto mkono wa kushoto kichwani ni jambo ambalo watu hawalitaji wakiwa wanakula. Wanawake wakaanza kuteta. Sasa Lembris alikuwa upande wa pili wa mto ananywesha punda, akasikia.

"Nani kasema kushoto?" akapaza sauti. "Mimi nilikuwa mbele. Ni kulia. Baba alimbariki mwanawe, na yule analia kwa sababu baba anakufa."

Yeyo Naisiae akageuza uso, akajifunika kichwa, maana yule ni mkwe. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kuvuka mto, "Binti, mwambie huyo mwenye punda kwamba mimi si kipofu."

Sikupata nafasi ya kumwambia. Lembris naye akaangalia pembeni, akaniambia, "Dada, mwambie mama kwamba sijasema ni kipofu. Nasema alikaa mbali."

"Mwambie nilikaa karibu kuliko yeye. Pua yangu ililowa!"

"Mwambie labda maji yaliingia machoni."

"Mwambie binti yangu nilimpa yeye kwa mkono wa kulia, ndiyo maana naujua!"

Nikasimama pale katikati, sijafikisha ujumbe hata mmoja na wote umeshafika.

Mkicheka, chekeni. Mimi sikucheka, maana siku ya soko mji ulikuwa umegawanyika. Wa mbele walisema kulia, wa nyuma walisema kushoto, na kila upande una mashahidi thelathini. Wa nyuma wakasema zaidi: picha ya baba anayemlaani mtoto, inaonyeshwa gizani, milango imezibwa, maana yake nini? Hakuna mtoto wao atakayeingia tena. Bwana Kaitano akaanza kufunga makopo yake.

Na siku hiyo hiyo baba akafika.

Nilimwona kutoka mbali, fimbo yake mgongoni, amefunga shuka lake jekundu begani. Nikampigia magoti nimsalimie. Akakaa kwanza.

"Juzi nilikuwa sokoni Kikatiti," akasema. "Mtu nisiyemjua ananiuliza, mzee, binti yako ndiye yule anayeimwagia maji laana?"

"Baba..."

"Nimekuja kuona kazi yako. Nimeshaisikia. Kesho asubuhi tunapanda."

Bi Mwanaidi akaweka pasi chini. "Mzee, karibu. Unahukumu kwa masikio? Wanaume walikuwa mbele, wanasema mkono ni wa kulia."

"Mama," baba akasema, kwa heshima kabisa, "aliyesema ni kushoto ni mwanangu. Alikuwa hapo, macho yake mazima. Unataka nimwamini nani, mwanangu au wapita njia?"

Bi Mwanaidi akaichukua tena pasi yake. Nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu. Nikisema nilidanganya, nimekuwa mwongo, na mwongo hapewi nguo za watu. Nikisema sikudanganya, napanda mlimani. Na sikuwa nimedanganya. Ule mkono niliuona.

Nikaenda kulianika lile shuka nililolifua asubuhi ile, lisiote ukungu, maana hata ukihukumiwa nguo haijui. Nikalivuta kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikatafuta kiraka changu nijue juu ni wapi. Kiraka hakipo. Nikaangalia tena: kipo, lakini kushoto kwangu. Nikapita chini ya shuka nitokee upande wa pili. Kiraka kimerudi kulia. Nikapita tena. Kimehama. Nadhani nilipita mara saba, kama kuku aliyepotewa na tundu.

Kisha nikakimbia kuchukua kidonge cha buluu.

Kuchora kwenye merikani safi kwa mkono wa dobi ni dhambi, na Bi Mwanaidi alipiga ukelele. Lakini shuka lilikuwa bado bichi na buluu ikapenya mpaka ng'ambo. Nilimchora mtu amesimama anatutazama, kichwa kama kiazi, miguu kama njiti, na mkononi ameshika fimbo. Mkono wa kulia. Nikamwita baba.

"Baba, huyu ameshika fimbo kwa mkono gani?"

"Kwanza ni mtu?"

"Ni mtu, baba."

Akatazama. Akainua mkono wake mwenyewe apime. "Kulia."

"Zunguka nyuma."

Akazunguka. Nikaona miguu yake tu chini ya shuka, haiendi. Kisha ikarudi mbele. Kisha nyuma. Majirani wakaanza kujaa, Lembris mbele, Yeyo Naisiae nyuma, kila mmoja anapaza anachokiona. Bi Mwanaidi akaacha kulia juu ya merikani yake, akasema polepole, "Ndiyo maana yale maandishi ya nyuma yalikuwa yanakwenda kama Kiarabu."

Lakini baba si mtu wa kushikwa mara moja. "Huyu ni mtu wa buluu," akasema. "Umemchora wewe. Mimi nataka kumwona yule mzee wa ndevu."

Bwana Kaitano alikuwa ameshafunga makopo, akayafungua. Swali likawa nani atakuwa shahidi wa pande zote mbili. Kila mwanamume wa mjini ana mama mkwe nyuma, au shangazi wa mke, au mmoja wa wale asioweza kukaa nao. Wanaume wakaangaliana. Yeyo Naisiae ndiye aliyeuliza, "Huyu Mmeru ana mkwe hapa?"

"Hana," nikajibu. "Ametoka Nkoaranga leo."

"Basi huyo. Aanze mbele, kisha aje kwetu. Na akae mbele yangu, ni mfupi."

Kwanza nililifua lile shuka, buluu yote ikatoka, maana baba hangeona kitu na yule mtu wa kiazi yupo katikati. Saa tisa tukaingia. Mara ya kwanza baba alikaa mbele na wanaume, mimi nyuma na ndoo yangu sijui anafanya nini. Mzee wa ndevu alipoinua mkono nikasikia mtu mbele anakohoa, basi. Bwana Kaitano akairudisha picha mwanzo, na baba akaja nyuma, akakaa kati ya wanawake, magoti pamoja, hashiki kitu.

Mimi nilikuwa namtazama yeye. Sikuwa natazama shuka. Ufunguo ukatolewa, mkubwa akapiga magoti, na pale pale picha ikaanza kufifia, kwa sababu dobi amesahau kazi yake. Baba akanyanyuka nusu.

"Dobi!" akapaza. "Maji! Maji huku juu!"

Nikatupa kata nzima. Yule mzee akarudi amelowa, anang'aa kuliko mwanzo, mkono wake kichwani kwa mwanawe.

"Kushoto!" baba akasema.

"Kulia!" Lembris akajibu kutoka ng'ambo.

"Kweli!" baba akasema, sasa amesimama wima. "Na mtu ni yule yule! Mkono ni mmoja! Sisi ndio tuko nyuma yake!"

Ghala likalipuka. Wanawake wanacheka, wanaume wanapiga miluzi, mtoto mmoja akalia kwa hofu. Yeyo Naisiae akanivuta kaniki. "Mwambie huyo wa mbele kwamba mimi sikukosea."

"Dada," sauti ya Lembris ikaja, "mwambie mama kwamba na mimi sikukosea."

Yeyo Naisiae akaiachia kaniki yangu. "Mwambie basi, aje kesho achukue maziwa, nitayaacha mlangoni."

Asubuhi nilifunga mzigo wangu. Baba jioni alikula, akalala kwenye kibaraza. Nikatoka na mzigo nikamkuta ameketi kwenye jiwe la kufulia. Ananitazama. Anautazama mzigo.

"Huo wa nini?"

"Ulisema asubuhi tunapanda, baba."

Akafungua fundo la begani, akavua lile shuka lake jekundu lenye vumbi la njia nzima na moshi wa miaka, akabaki na kitambaa kiunoni. Akanipa. "Fua hili. Nikifika nyumbani nataka mama yako aone mikono yako imefanya nini."

"Na yule wa Poli?"

"Atafute kwingine. Nitazungumza naye mimi."

Nililoweka lile shuka. Bi Mwanaidi akamtupia baba shuka la mteja mmoja ajisitiri, jeupe, lenye lesi pembeni, naye akakaa amejitanda humo kama bibi harusi, mbele ya watu wote wanaopita, na hakujali. Alikuwa na jambo lake.

"Mama," akamwambia Bi Mwanaidi, "ule ufunguo. Kwa nini ampe mdogo? Mkubwa yupo!"

"Si unaona mkubwa ni mtu wa kulia hovyo."

"Alilia kwa sababu anampenda baba yake! Wewe ulikaa wapi?"

"Nilikaa nyuma, na bado naona mdogo ndiye mwenye akili."

"Mwenye akili! Hakutoa hata chozi. Nimemtazama mara mbili, mbele na nyuma, mbele na nyuma hakuna chozi!"

Walibishana hivyo mpaka jua likapanda. Nikasuuza, nikakamua, nikaanika, likakauka upesi maana upepo wa mlimani ulikuwa mwema. Nikalipiga pasi, tone likilia mara moja na kuisha. Baba akalivaa likiwa bado na joto, akajigusa begani, akachukua fimbo. Hakuaga kwa maneno mengi, hakuwa na hiyo tabia. Alikuwa ameshafika njiani, mimi nimesimama na ndoo, aliposimama akageuka.

"Ndeshi! Mwambie huyo mwenye taa asihame kwanza. Jumamosi nashuka na mama yako. Nataka nisikie na yeye atasema nini juu ya yule mdogo."